Songo: Picha ya familia ukutani si kiburi, ni haki ya nyumba

UVIRA – Mtaani Songo, kama vile Kimanga, Kasenga na Kavimvira, kuna neno linalorudiwa tangu familia zilipoanza kurudi toka ukimbizi: «Foto haijaze tumbo.» Jirani analisema anapoona mama ametandika mkeka mmoja tu ndani ya nyumba, hana kiti, hana meza, lakini tayari amepiga msumari ukutani na kutundika picha ya marehemu bwana yake. Kijana analisema anapoona muzee anatoa faranga zake za mwisho ili kadri iliyopasuka ipate kioo kipya. Hata watu wenye kazi ya kuandika hasara za wahanga wanalisema kwa namna yao: mama anapotaja picha zake zilizopotea, kalamu inasimama, mwandikaji anacheka kidogo, kisha anauliza, «Mama, na sufuria zilikuwa ngapi?»

Ni kweli, picha haijazi tumbo. Lakini neno hilo linatumiwa kumwonesha haya mtu aliyepoteza vyote, ili asilie kitu kile kimoja ambacho hakuna soko litakalomuuzia. Sufuria inanunuliwa. Godoro linanunuliwa. Mabati, Mungu akijalia, yatanunuliwa. Picha ya pekee ya mama aliyekufa mwaka 1998 hainunuliki Uvira, wala Bukavu, wala Bujumbura. Basi ni nani aliyeamua kwamba kinachonunuliwa ndicho hasara, na kisichonunuliwa ni upuuzi?

Maji, ziwa, na vita

Wakaaji wa Uvira hawahitaji kufundishwa namna picha zinavyopotea. Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulifurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba ziliharibika, daraja lilikwenda na maji, na mji ukabaki na shida kubwa ya maji ya bomba. Mto ulipita na kila kitu kwa saa chache. Aliyeokoa mtoto wake alisema asante, hakurudi ndani kutafuta albamu.

Kisha ziwa Tanganyika likapanda. Mwaka 2021, na zaidi mwaka 2024, maji yaliingia ndani ya nyumba za kando, upande wa Kalundu na Kasenga, na ng'ambo kule Gatumba na Kajaga. Maji ya ziwa hayana haraka kama ya mto. Yanaingia polepole, yanakaa miezi, na unyevu wake unapanda ukutani kama moshi. Picha ambayo maji hayakuifikia ilipata madoa, ikajikunja, sura zikafutika moja moja ndani ya kadri yake, watu wakiwa wanatazama.

Mwezi wa 12 mwaka 2025 ikawa vita. M23 ilipoingia Uvira, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi, wengine kwa mguu kupitia Kavimvira, wengine kwa mitumbwi. Mtu anayekimbia risasi anabeba mtoto mgongoni, karatasi mfukoni, na unga kichwani. Picha inabaki. Waliorudi walikuta milango imevunjwa, godoro limekwenda, televisheni imekwenda. Ukutani, pale kadri ilipokuwa, kumebaki alama ya mraba, rangi yake safi kuliko ukuta wote. Pengine picha yenyewe ilikuwa chini, imekanyagwa, kwa sababu mwizi aliona kadri ina bei na sura ya mtu haina. Ni aibu kwamba jirani mwema, anayesema foto haijaze tumbo, anahesabu kwa hesabu ileile ya mwizi.

Serkali yenyewe inajua

Wanaosema picha ukutani ni kitu bure waingie ofisi yoyote ya serkali, kuanzia ya mtaa mpaka ya meya. Ofisi inaweza kukosa karatasi, kukosa umeme, kukosa hata kiti cha kumkalisha raia. Lakini nyuma ya meza kuna picha ya Rais.

Wazee wa Uvira wamezoea kuona picha hizo zikibadilika. Mobutu alitazama ofisi za Zaire kwa miaka mingi, na kofia yake ya chui. Mwezi wa 10 mwaka 1996 AFDL iliingia Uvira. Mwezi wa 5 mwaka 1997 Mobutu alikimbia Kinshasa, na picha zake zikashushwa nchi nzima. Ikapanda ya Laurent-Désiré Kabila. Baada ya kuuawa kwake mwezi wa kwanza 2001, ikapanda ya mtoto wake Joseph. Toka mwezi wa kwanza 2019, ni ya Félix Tshisekedi. Kila aliyeshika madaraka aliharakisha jambo hilo, na hakuna mfanyakazi wa serkali aliyewahi kusema picha ya Rais haijaze tumbo.

Kwa nini? Kwa sababu watawala wanajua kitu ambacho raia anaambiwa akisahau: sura iliyo ukutani inasema mwenye mahali hapa ni nani. Kama ofisi bila picha ya Rais inaonekana haina mwenyewe, basi nyumba ya Songo bila sura ya babu, ya mama, ya ndoa, ya mtoto aliyepata diplome, nayo inaonekana haina mwenyewe. Inafanana na nyumba ya kupanga ya juzi, hata kama familia imekaa humo miaka 40.

Mtoto anajifunza wapi ukoo?

Mtoto aliyezaliwa Uvira mwaka wa mafuriko ya Mulongwe leo anakwenda shule. Katika maisha yake mafupi ameona mto, ziwa na vita. Pengine amelala darasani, kanisani, kwa jamaa, chini ya hema. Muulize kwao ni wapi, atataja mahali alipolala jana.

Mtoto huyo hawezi kufundishwa ukoo kwa hotuba. Anafundishwa kwa kidole. «Papa, huyu ni nani?» «Huyu ni babu yako, ndiye mwenye jina unaloitwa.» «Na huyu mwenye kitambaa?» «Huyo ni shangazi, yuko Nyarugusu, Tanzania, tangu zamani.» «Na huyu mtoto?» Hapo mama anakaa kimya kidogo, kisha anajibu. Picha moja ukutani inaleta mazungumzo ambayo hakuna mzazi angeyaanza mwenyewe baada ya siku ya kazi. Na mtoto anarudia maswali yaleyale mwezi mzima, mpaka majina yanaingia.

Tena kuna mgeni. Mgeni akiingia, anakaa, na kabla maji ya kunywa hayajafika macho yake yako ukutani. «Ah, kumbe nyinyi ni watu wa muzee fulani!» Katika mji huu, ambamo watu wametawanyika mara nyingi na kukutana tena wakiwa wameota mvi, si mara moja watu wawili wametambuana kuwa ndugu kwa sababu ya picha ya ukutani. Ndivyo nyumba ya maskini inavyojitambulisha. Tajiri ana ukuta mrefu na lango la chuma. Maskini ana ndoa yake ya mwaka 1985, mweusi na mweupe, bwana amesimama, bibi amekaa, maua ya plastiki katikati.

Kilio kinapofika

Ubaya wa nyumba isiyo na picha unaonekana siku ya kilio. Mtu amekufa usiku. Asubuhi watu wanakusanyika, wanatafuta picha ya kuweka mbele, karibu na mshumaa na maua. Hakuna. Vijana wanafungua simu: kuna picha ya harusi ambamo marehemu yuko nyuma kabisa, nusu ya uso. Mwishoni wanachukua kadi ya mchaguzi.

Kila mtu Uvira anajua picha ile. Mtu amepanga foleni tangu alfajiri, amechoka, jua limempiga, anaambiwa simama wima, usicheke. Ndiyo picha atakayozikwa nayo. Na kwa kadi zilizotolewa mwaka 2023, hata hiyo si hakika, kwa maana nyingi zilianza kufutika mapema, mpaka mwenye kadi hajitambui. Kwa hiyo mama aliyelea watoto saba, aliyeuza samaki miaka 30, anaagwa mbele ya kivuli cha kijivu kilichokuzwa mpaka kikapasuka. Wanaocheka kadri za ukutani wakumbuke vilio walivyohudhuria, waseme kama walicheka siku hiyo.

«Zote ziko kwenye simu»

Vijana wana jibu tayari: siku hizi picha ziko kwenye simu, ukuta wa nini? Jibu hilo lina nguvu kwa mtu ambaye simu yake haijawahi kuibiwa, haijaanguka ziwani, haijachukuliwa kwenye kizuizi cha barabarani, na betri yake haijafa wakati umeme umekatika wiki mbili. Mtu huyo Uvira ni nani? Simu ndicho kitu cha kwanza kinachodaiwa na mwenye silaha. Inapokwenda, inakwenda na ndoa, ubatizo, na sauti ya mama siku moja.

Na hata simu ikibaki, ni ya mtu mmoja. Imefungwa kwa namba ya siri. Mtoto wa miaka minne hawezi kupita mbele ya simu ya baba yake akamsalimu babu. Picha ya simu inatafutwa. Picha ya ukutani ndiyo inayomtafuta mtu, anapoamka, anapokula, anapogombana na mke wake. Wako wengi walionyamaza katikati ya ugomvi kwa sababu jicho liligonga picha ya siku ya harusi.

Si kwamba simu ni mbaya. Simu imeokoa picha nyingi, na hapa chini itaonekana namna gani. Lakini picha iliyo kwenye simu tu ni mbegu iliyo ndani ya mfuko. Haijapandwa.

Wenye dini na wenye hofu

Kuna wahubiri wanaofundisha kwamba kutundika picha ya marehemu ni kuita mizimu. Familia kadhaa zimeshusha picha za wazazi wao kwa neno hilo, na nyingine zimezichoma. Mhubiri mwenye mashaka aulizwe swali jepesi: pale kanisani hakuna picha ya mwanzilishi wa kanisa? Hakuna kalenda yenye sura ya mchungaji mwenyewe na mke wake, inayouzwa kila mwisho wa mwaka? Kama sura ya mchungaji inajenga, kwa nini sura ya mama mzazi inabomoa? Amri ya kumheshimu baba na mama haikusema iishe siku ya maziko. Kukumbuka na kuabudu si kitu kimoja, na mwamini wa kawaida anajua tofauti bila kufundishwa.

Waislamu wa Uvira wana njia yao, na ni ya kuheshimiwa: wengi hawatundiki picha za watu mahali wanaposalia. Hao wanaweka albamu ndani ya sanduku, wanaifungua siku ya Idi au mgeni anapofika. Albamu iliyotunzwa ina kazi ileile. Kinachopingwa hapa ni kutupa na kucheka.

Kuna hoja moja nzito kuliko zote, ya wenye hofu. Wanasema: picha inaweza kuua. Wana haki. Mtoto aliyepigwa picha na mavazi ya kijeshi, kaka aliyesimama karibu na kiongozi fulani, shangazi mwenye sura ambayo watu wenye chuki wanasema si ya hapa: picha kama hizo zimechomwa haraka katika nyumba nyingi kila mara mji ulipobadilisha mkono. Hakuna anayeweza kumhukumu mama aliyechoma picha ya mtoto wake ili kumlinda mtoto huyo. Lakini jambo hilo lenyewe linaonesha uzito wa picha. Kitu bure hakichomwi kwa machozi. Na adui wa mama huyo si ukuta wala msumari. Ni siasa iliyofanya sura ya mtoto wake kuwa kosa. Picha ya aina hiyo isitundikwe wakati wa hatari. Inakiliwe, ifichwe, ipelekwe mbali kwa ndugu. Zile nyingine, za ubatizo, za ndoa, za shule, hazina sababu ya kushuka.

Hata chini ya hema

Walioko bado Burundi, katika kambi ya Busuma na kwingine, na walioko kwa familia zinazowapokea, wanaambiwa wasubiri: mambo ya picha ni ya mtu mwenye nyumba. Huo ni uongo mwingine. Mwenye nyumba anaweza kuchelewa. Aliye chini ya hema ndiye mwenye haraka, kwa sababu mtoto wake anakua pale, na siku anazokaa pale hazitarudi.

Tena picha kambini ina kazi ya mikono. Baada ya mwaka 1994, kambi za Goma na Bukavu zilipojaa watoto waliopotezana na wazazi, picha zao zilitundikwa kwenye mbao ili mama apite, aangalie, aseme, «Huyu ni wangu.» Mpaka leo Msalaba Mwekundu unatumia picha katika kuunganisha watoto na familia zao. Mtoto mdogo aliyepotea hajui jina la mtaa wake wala jina kamili la baba yake. Sura anaijua. Familia yenye picha ina kitu cha kuonesha. Isiyo nayo inabaki na maneno: «ni mwembamba, ana miaka sita», na watoto wembamba wa miaka sita ni wengi.

Kinachowezekana leo

Polemiki bila kazi ni kelele tu. Haya yanawezekana bila mfadhili yeyote.

Kwanza, kudai deni. Kwa miaka mingi familia za Uvira zimetuma picha kwa ndugu: Bukavu, Bujumbura, Nyarugusu, Nairobi, mpaka Marekani na Ulaya. Picha iliyokufa Songo pengine inaishi ndani ya albamu ya shangazi Kigoma. Aandikiwe leo. Aipige picha kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila flashi, aitume. Ndiyo kazi nzuri ya simu.

Pili, kutafuta kwa waliopiga na waliokuwepo. Kwaya, shule, parokia na wapiga picha wa zamani wa mji wana picha za makundi. Uso wa marehemu unaweza kupatikana katika picha ya darasa la mwaka fulani, mstari wa tatu. Viongozi wa shule na makanisa wangefanya vizuri kufungua makabati yao siku moja, watu waje watazame na kunakili.

Tatu, kuokoa zilizolowa. Picha zilizoshikamana zisivutwe kwa nguvu. Ziloweshwe polepole ndani ya maji safi, ziachane zenyewe, kisha zilazwe kivulini, sura ikiangalia juu, si juani. Ile iliyogandana na kioo ibaki na kioo chake, ipigwe picha vilevile ilivyo.

Nne, kuandika nyuma, kwa kalamu ya risasi: jina, mwaka, mahali. Picha bila jina, baada ya kizazi kimoja, ni picha ya mtu asiyejulikana.

Tano, kuchapisha moja. Moja tu, si albamu nzima. Isitundikwe chini, maji yanakojua njia, wala kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Nakala ya pili iwekwe ndani ya plastiki, pamoja na karatasi za shule na za kiwanja, kwenye mfuko ule unaokamatwa wa kwanza watu wanapokimbia. Picha haina uzito wa kumchelewesha mtu.

Na kwa wanaoandika hasara, hakuna anayeomba waje na magari ya kadri. Walete unga, walete mabati, ndiyo kazi yao. Wanaombwa kitu kimoja tu, hakina bajeti: mama anaposema «na picha zetu zote», wasicheke. Waandike. Hata kama hakuna mahali pake kwenye fomu, waandike pembeni. Siku orodha za Uvira zitakaposomwa na watoto wa watoto, wajue kwamba mji huu haukupoteza sufuria na mikeka tu. Ulipoteza sura, na watu wake walijua thamani yake.

Anayesema foto haijaze tumbo aende nyumbani kwake leo jioni, aangalie ukuta wake. Kama kuna picha, aishushe, aiweke chini ya kitanda, kisha aketi na watoto wake kula. Aone kama chakula kitakuwa na ladha ileile.